Jumatatu ya Madawati

Mama Riziki tumemzika Alhamisi, na mpaka leo sijatulia, wala si kwa sababu ya kifo peke yake. Kwenye matanga, watu wamekaa kwenye mikeka uani kwake, sahani za wali na maharage zinapita kutoka mkono hadi mkono, mwanamke mmoja wa kanisani kwao alisimama kumwelezea marehemu. Akaanza na kwaya, akaja kwenye biashara ya ndagala, dagaa wa ziwani, akafika kwenye mwaka ule ziwa lilipoingia shuleni. Akasema marehemu hakuwa na ndugu hapa Rumonge, lakini alikuwa na rafiki wa kweli, kisha akaninyooshea kidole mbele za watu: "Mama Neema huyu hapa! Ndiye alitusemea ule mwaka. Alisimama mbele ya direkteri wa shule, mbele ya watu wa serikali ya komine, akasema. Sisi wengine tulinyamaza." Watu wakageuka kuniangalia. Mzee mmoja akatikisa kichwa, akanishukuru kwa Kirundi, "Urakoze, mwanangu," nami nikiwa na tonge mdomoni. Nimesemwa vibaya mara nyingi katika mji huu. Nimeitwa mwenye mdomo, mwenye kiburi, Mutanzania, na hakuna tusi lililowahi kuniuma kama zile sifa. Nilimeza tonge, nikaomba maji. Nimefika nyumbani na hasira ambayo haina mahali pa kwenda, kwa hiyo naiandika.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Neema alikuwa na saba, mwaka wa kwanza, shule ya chini, ile iliyokuwa karibu na ziwa hata walimu walikuwa wakigombana na sauti za wavuvi wakati wa somo. Mwaka ule ziwa lilipanda. Halikuja kwa kishindo. Lilikuja kama mtu anayesogeza kiti chake kidogo kidogo mpaka magoti yenu yanagusana. Kwanza lilichukua kiwanja cha mpira. Tukasema litarudi. Likachukua vyoo, na hapo tukaanza kuwakataza watoto kuchezea maji. Halafu asubuhi moja madarasa matatu yalikuwa na maji ya magoti, ubaoni bado kuna hesabu za jana yake, na samaki wadogo wanapita chini ya madawati. Watoto waliona ni sikukuu. Mimi nilisimama mlangoni, nikanusa matope na chaki iliyolowa, nikajiuliza watawaweka wapi hawa wote, maana hata kabla ya maji walikuwa wanakaa wanne wanne kwenye dawati la wawili.

Jibu lilikuwa juu, karibu na barabara kubwa, ambako wazazi walikuwa wameanza kujenga vyumba kwenye kazi za pamoja za Jumamosi. Vyumba vinne vilikuwa na kuta na mabati, milango hakuna. Watoto wote wasingeenea, hata wakisoma kwa zamu, asubuhi na mchana. Waliobaki wangepelekwa shule ya ng'ambo ya mto. Nataka mjue mto huo ulikuwaje. Daraja lilikuwa limekatika, watu wanavuka juu ya vigogo viwili vya mchikichi vilivyolala sambamba, vinateleza kwa mvua, na kabla ya kufika mtoni mtoto lazima akate barabara ya malori yanayotoka Nyanza-Lac. Mimi mtu mzima nilikuwa nikivuka kwa kukaa, najisogeza na makalio, viatu mkononi. Nilimfikiria Neema juu ya vile vigogo na mfuko wake mgongoni. Kitu kimoja tu nilikitaka mwaka ule: Neema apate nafasi kwenye vile vyumba vinne. Sikuwa na jingine.

Basi siku ya Ijumaa Neema alirudi na ujumbe. Barua hakuna, karatasi zilikuwa zimelowa. Mwalimu Goreti, mwalimu wao wa mwaka wa kwanza, aliwaambia watoto kwa mdomo. "Mama, wazazi waje shuleni Jumatatu, saa mbili. Direkteri anataka kila nyumba." Nikamuuliza, una hakika? "Jumatatu, Mama. Mwalimu alisema mara mbili." Jirani yangu Mama Riziki, ambaye binti yake alikuwa darasa moja na Neema, aliambiwa vilevile. Yeye alikuwa amevuka kutoka upande wa Uvira miaka michache kabla, anakausha ndagala, na Kirundi chake kilikuwa cha sokoni tu, bei na salamu.

Jumatatu tulifika saa mbili kamili. Tulikuwa wanawake kama kumi na watano, wengi wa kutoka Kivu, Kongo, kama Mama Riziki, na sisi wachache tuliorudi kutoka ukimbizini Tanzania. Nilivaa kitenge changu kizuri. Direkteri hayupo, walimu hawapo, yupo mlinzi peke yake, amekaa kwenye jiwe anachoma hindi. "Mkutano? Leo?" Akatucheka. "Nani kawaambia leo kuna mkutano?" Tukadhani umeahirishwa, si mara ya kwanza. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutukana nikageuka niondoke, ndipo Mama Riziki akafunga kitenge chake juu ya magoti na kuingia ndani ya maji. "Sasa tumesha kuja," akasema. "Tutarudi mikono mitupu? Hizi benchi zitaoza. Batoto watakaa wapi?" Akashika dawati upande mmoja, akaniangalia. Nikavua viatu. Tulibeba madawati mpaka jua likafika utosini. Ni yale mazito, kiti na meza vimeunganishwa, na maji yalikuwa yameingia kwenye mbao. Mama mmoja akasema, "Hii benchi iko na uzito sawa na bwana yangu akilewa," mwingine akamjibu, "Lakini hii haitapiki," tukacheka mpaka tukaliangusha. Tuliyapanga yote juu, kwenye ukuta wa vyumba vipya, miguu juu, yakauke. Mlinzi alituangalia hadi mwisho na hindi lake. Tulirudi nyumbani tunanuka kama nyavu, na nakumbuka nilikuwa na furaha.

Jumatano niliwaona majirani wakishuka kutoka juu wamevaa vizuri. Nilikuwa nakamua mawese, mikono imejaa mafuta mpaka kwenye viwiko. Nikawasalimia, "Amahoro," wakaitikia, wakapita. Sikuuliza walikotoka. Hilo nalo lipo kwenye hesabu yangu, kwamba sikuuliza.

Ijumaa kukawa na karatasi ukutani, shule ya juu. Majina ya watoto wa kwenda ng'ambo ya mto. Nilisoma mara mbili: Neema yupo, Riziki yupo, na karibu watoto wote wa wale wanawake wa madawati. Direkteri alikuwa amesimama pale pale, mwanaume mrefu, mwembamba, suruali ameikunja kwa sababu hata nyumba yake ilikuwa na maji. Nikamuuliza ni nini hii. Akanijibu kwa utulivu, na huo utulivu ndio ulioniwasha: "Ni watoto ambao wazazi wao hawashiriki. Tuliwaita ili mjiandikishe kwa kazi za Jumamosi. Aliyekuja amejiandikisha, mtoto wake anabaki. Nyinyi hamkuja."

"Tulikuja!"

"Lini?"

"Jumatatu!"

Wazazi waliokuwa nyuma yake wakacheka, wakasema mkutano ulikuwa Jumatano. Mmoja, mwenye baiskeli, akasema kwa sauti ya kusikika, "Hawa Waswahili! Siku ya kazi wanapotea, siku ya kugawana wanakuja na siku yao." Pale Rumonge ukiitwa Mswahili kwa sauti ile, maana yake wewe ni mjanja, mwongo, hutabiriki. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia direkteri mbele ya wote kwamba amebadilisha siku makusudi, ametuita Jumatatu akakutana na wenzake Jumatano, ili watoto wetu wawapishe wao. Nikasema madawati waliyokalia kwenye huo mkutano wao tuliyabeba sisi, na waende wamuulize mlinzi. Mlinzi aliitwa. Akakuna shingo, akasema aliona wanawake, ndiyo, lakini hakujua wamekuja kufanya nini. Direkteri akasema, "Mkutano mwingine ni Jumatano ijayo, mtu wa komine atakuja kuthibitisha orodha. Ukiwa na neno, mama, utasema pale." Nikaondoka. Njia nzima niliwaambia watu direkteri ni mwongo. Sokoni nilisema. Bombani nilisema. Kufika jioni maneno yangu yalikuwa yameshanitangulia nyumbani.

Jumapili, baada ya kanisa, Mama Riziki alinipikia. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja na ua; ndagala zimeanikwa kwenye nyavu pande zote, hata kuingia unainama. Alikuwa ametwanga sombe, majani ya muhogo, tangu asubuhi, akaiunga na mawese na ndagala, na bugali wa muhogo mweupe kabisa, laini. Tulikula. Yeye hakuwa na hasira kama mimi, alikuwa na woga. "Mimi siwezi kusema mule," alisema. "Nikifungua mdomo, wataniuliza karata za kukaa hapa. Wataniambia nirudi kwetu. Weye ulisoma, Mama Neema. Weye utasema."

Nje watoto wetu walikuwa wanacheza shule. Riziki alikuwa mwalimu, ana kijiti, wanafunzi ni Neema na magunzi matatu ya mahindi yaliyopangwa ukutani. Sikuwa nawasikiliza. Halafu nikasikia Riziki, kwa sauti ya Mwalimu Goreti hasa: "Ku wa gatatu! Neema! Ku wa gatatu ni siku gani kwa Kiswahili?"

Na mwanangu, bila hata kufikiri: "Jumatatu, Madamu!"

"Vizuri sana. Pigeni makofi."

Tonge lilibaki hewani. Nawaeleza msio wa huku. Kwa Kirundi siku zinahesabiwa kuanzia Jumatatu: hiyo ndiyo ya kwanza, Jumanne ya pili, na ku wa gatatu, yaani siku ya tatu, ni Jumatano. Sisi wa Kiswahili "tatu" yetu iko kwenye Jumatatu. Mwalimu Goreti alisema ku wa gatatu, na alisema mara mbili, kweli kabisa. Kila mtoto anayeongea Kiswahili nyumbani alisikia tatu, akabeba tatu, akaifikisha kwa mama yake kwa uaminifu wote. Hakuna aliyedanganya. Direkteri hakudanganya, watoto hawakudanganya, na mimi niliyemaliza sekondari, ninayezijua siku za Kirundi kama ninavyozijua za Kiswahili, sikumuuliza mwanangu swali moja tu: Mwalimu alisemaje kwa Kirundi?

Nilipomweleza Mama Riziki alinitazama, akaziba mdomo kwa mkono wenye bugali, akacheka mpaka machozi. "Kumbe batoto! Batoto ndio wametuuza!" Akainuka, akawashika wote wawili kichwani, akawabusu, wao hawaelewi. Halafu akanigeukia na uso ambao bado ninauona. "Basi iko rahisi! Si ni makosa ya neno tu? Utawaeleza, watacheka, watafuta majina. Mama Neema, utawaeleza!" Alizunguka nyumba zote jioni ile. Wanawake wote wakajua nitasimama Jumatano, na wote wakajua hiyo Jumatano ni ipi.

Jumanne nilikwenda kwa direkteri. Nilitaka kumwomba radhi kwanza, kwa sababu nilimwita mwongo sokoni, na nilitaka ajue neno kabla ya mkutano ili anisaidie. Ofisi yake ilikuwa kwenye chumba cha mwisho kule juu: meza moja, katoni za chaki, na kaye za watoto, madaftari yao, zimeanikwa dirishani kurasa wazi, wino umesambaa. Alikuwa anakula, ndizi na maharage kwenye bakuli la plastiki. Akaniambia nikae. Nikamweleza. Alicheka, na kwa mara ya kwanza nikaona ana meno mazuri, ni mtu. "Gatatu, Jumatatu," akarudia, akipiga paji la uso. "Na miaka yote hii hatukuona." Akasogeza bakuli katikati ya meza, akanipa kijiko. "Kula, mama." Nikala. Nilikuwa na njaa, na nilifikiri tumemaliza.

Kisha akasema, sauti chini: "Sikiliza. Una haki. Lakini ukisimama kesho ukasema hivi, mtu wa komine ataniuliza kwa nini sikuandika barua. Orodha itafutwa yote, itaanza upya, na itatengenezwa kule, si hapa. Hapo sina mkono tena. Mwanao anaweza kubaki, anaweza kwenda." Akafuta mdomo. "Familia moja imehamia Minago jana. Kuna nafasi moja, zamu ya asubuhi. Naiandika sasa hivi. Neema, siyo?"

Nilimuuliza, na wengine?

"Nafasi ni moja, mama."

Nimejaribu miaka sita kukumbuka kwamba nilisita. Nataka niandike hapa kwamba nilisimama, nikaweka kijiko chini, nikamtukana. Nilimtukana kwa mambo madogo zaidi ya hilo! Lakini nilichofanya ni kumtajia jina la mwanangu herufi kwa herufi, kwa sababu kwenye karatasi ya kwanza walikuwa wamelikosea. Akaandika. Nikamaliza maharage. Hakunitisha, hakuniomba kitu, hakuniambia hata ninyamaze. Alijua kwamba mtu mwenye kelele kama mimi hanyamazishwi kwa kufokewa. Mpe chake, ataona mwenyewe cha kufanya.

Neema sasa ana miaka kumi na mitatu, anasoma Kifaransa kwa sauti mpaka ananikera. Riziki alivuka vigogo hadi mvua kubwa zilipokuja. Vigogo vikaenda na maji, akakaa nyumbani miezi. Mwaka uliofuata akaanza tena mwaka wa kwanza, na uliofuata tena, mpaka akawa mrefu kuliko dawati, akaona aibu, akabaki na mama yake anageuza ndagala. Kwenye matanga yeye ndiye aliyekuwa anatunawisha mikono. Mama yake, mwaka ule, nilimwambia kwamba shemeji yangu alinitafutia nafasi ya Neema. Akafurahi, kweli akafurahi, akaniletea ndagala kwenye karatasi. Nilizipika. Nisemwe vibaya kwa hilo, siyo kusifiwa.

Jumatano ile chumba kilijaa. Tulikaa kwenye madawati yetu, yamekauka, mengine yamepinda. Wanawake wa Kivu, nao Kirundi chao cha sokoni tu, walikaa nyuma yangu wote pamoja, Mama Riziki ubavuni kwangu, amevaa sare ya kwaya kama mtu anayekwenda kushuhudia. Mtu wa komine alikuwa mbele na kalamu yake. Direkteri alisema kwa Kirundi, haraka haraka, kuhusu matofali, kuhusu Jumamosi, kuhusu zamu mbili, akasoma orodha, hakuniangalia hata mara moja. Wenzangu wawili watatu waliorudi kutoka Tanzania, ambao walielewa kila neno, walikuwa wanaangalia dirishani. Sijui kama nao walikuwa wameitwa kula ndizi. Sijawahi kuwauliza.

"Kuna mzazi mwenye neno?" direkteri akauliza.

Mama Riziki akanisukuma kwa kiwiko. "Sasa," akanong'ona. "Simama, dada. Simama."

Nikasimama. Nyuma yangu nikasikia mbao zikilia, wanawake wanajiweka sawa, mmoja anamnyamazisha mtoto wake mgongoni ili asikie. Direkteri aliinua uso. Nikaongea Kirundi kizuri kuliko chote nilichowahi kukiongea, polepole, kwa sauti, mkono wangu ukielekeza kwenye ile karatasi ukutani. Niliuliza watoto wa zamu ya asubuhi wataingia saa ngapi, na kama mzazi anaruhusiwa kumsindikiza mtoto mpaka mlangoni. Direkteri akajibu, saa moja na nusu, na mpaka mlangoni anaruhusiwa. Akaongeza kwamba wasichelewe. Mtu wa komine akaandika. Nikasema murakoze, nikakaa.

Mama Riziki akanishika mkono kwa mikono yake miwili, inanuka samaki na sabuni.

"Amekataa?" akaniuliza.

"Amekataa," nikamwambia.